Waanzie Wageni Baharini

Mjukuu wangu, juzi nilikuwa nimejipumzisha kivulini karibu na Gereza, nikakusikia ukiwaambia wageni uliowavusha kutoka Masoko kwamba ngome ile yote ni kazi ya Wareno. Nikanyamaza, maana mtu hakosolewi mbele ya wageni wake. Sasa tuko wawili. Wareno waliingia hapa Kilwa Kisiwani mwaka 1505, wakaupora mji, wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaiacha wakaenda zao. Miaka saba! Sehemu kubwa ya kuta unazozionyesha ni za Waomani, za karne ya 19.

Hilo dogo. Linaloniuma ni kwamba unawapeleka moja kwa moja msikitini, kwenye kuba na nguzo, na bahari wanaikumbuka wakati wa kupanda mashua warudi. Wasimamishe kwanza pwani, waelekee kunakotoka kaskazi. Waeleze kwamba upepo huo ukishika Desemba, jahazi la Arabuni liliweza kufika hapa, likauza, likanunua, kisha likangoja kusi na kurudi kwao mwaka uleule. Nahodha aliyetaka kuendelea hadi bandari ya Sofala, kulikopatikana dhahabu, alijitia katika hatari ya kukosa upepo wa kurudi. Basi dhahabu ikaletwa na vyombo vya huku kwetu, mgeni akaingojea Kilwa, na sultani akatoza ushuru wake. Msafiri Ibn Battuta alipita mwaka 1331 akausifu mji. Hata jumba la Husuni Kubwa, na lile birika lake la pembe nane, fedha yake ililetwa na tanga.

Na upepo huohuo ulibeba watu, usiwafiche. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliingia mkataba na Mfaransa, Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Najua ukilitaja hilo wageni huinamisha vichwa na bahashishi hupungua. Taja tu. Waliouzwa nao walipitia pwani hii, na hawana kaburi la kuonyesha.

Jingine ni mikoko. Magofu yetu yaliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini. Bahari ilikuwa ikiyala. Kazi kubwa ilifanyika, mikoko ikapandwa kuvunja nguvu ya mawimbi, na mwaka 2014 tukatolewa. Ukitaka fito za banda lako, niulize mimi pa kukata. Nikikuona na panga mbele ya Gereza, hata salamu yako sitaiitikia.

Mashua yako ya injini siichukii, inavusha wagonjwa upesi. Ila mwezi uliopita ilizima katikati ya mlango, tanga ukawa nalo, na hukujua kubisha. Ukapelekwa na maji kama kifuu hadi mvuvi wa ngalawa akakufunga kamba. Wageni walicheka. Mimi sikucheka.

Kesho bamvua. Njoo alfajiri maji yakiwa yamejaa, tuipandishe mashua yangu mchangani. Yakitoka tutaitia kalafati upande wa tezi, panapovuja. Pamba ninayo, mafuta ya papa utanunua wewe. Jioni maji yakirudi tutatweka, nawe utashika usukani. Injini iache kwa mama yako.