Aliyeacha Ulevi Kisha Akarejea



 Twasikia mabarazani ikisemwa kwamba kijana aliyeacha ulevi kisha akaurudia, toba yake ilikuwa ya uwongo, na kumtafutia dawa ni kupoteza mali. Kauli hii twaipinga. Mtume (S.A.W.) aliletewa mlevi aliyekwisha kuadhibiwa mara kwa mara, mmoja katika waliohudhuria akamlaani, Mtume akamkataza, akamshuhudia mlevi yule kuwa ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Basi sisi ni nani hata tumfungie mlango?

Watumiao heroini, Pwani yetu ina methadoni kwa ajili yao tangu 2015. Lakini vilevi vya kusisimua, kama kokeini na methamfetamini, havijapata dawa mfano wa hiyo. Nasi tumefunzwa kwamba hapana maradhi yasiyo na dawa. Basi ni juu ya wanadamu kuitafuta.

Tazameni itafutwavyo. Huko Marekani madaktari waliwakusanya watumiaji 403 wa methamfetamini. Baadhi yao walipewa sindano ya naltreksoni kila wiki tatu na vidonge vya bupropioni kila siku. Wengine walipewa sindano na vidonge vitupu, wala mgonjwa wala tabibu asijue nani kapewa nini. Kisha mikojo ikapimwa. Mwaka 2021 wakatangaza: waliopewa dawa walifaulu kama 14 katika kila 100, wa vidonge vitupu hawakufika 3.

Mtu atasema, "Kumi na wanne tu!" Nasi twasema, hapo ndipo ilipo amana: wale 86 hawakufichwa. Muuza hirizi hutwaa fedha za mama anayelia, akaahidi kuwaponya wote, wala hawahesabu waliorejea. Ni yupi katika wawili hawa aliye karibu na ukweli?

Basi aliyeanguka mpelekeni kwa tabibu, wala msimnunulie dawa hizi wenyewe, kwani naltreksoni humtesa vikali mwenye heroini mwilini. Mwombeeni dua, mpeni kazi, mpisheni nafasi katika safu. Na akianguka tena, mwinueni tena. Kwani mlango wa toba haukufungwa na Mwenye kuufungua, seuze sisi.