Bawabu na Barua za Wenziwe



Katika nyumba nyingi siku hizi yaonekana kompyuta kuukuu iliyowekwa pembeni, kwa kuwa mwenyewe amekwisha kupata simu janja, wala haoni tena kazi yake. Wenye ujuzi watuambia ya kuwa mashine kama hiyo haijafa bado. Yaweza kufanywa lango la nyumba nzima: ipokee intaneti kwa mlango mmoja, iigawe kwa mlango wa pili, hata simu na kompyuta zote za nyumbani, pengine na za jirani, zipite kwayo. Chombo kifanyacho kazi hii huitwa ruta; na kompyuta ya zamani ikitengenezwa vema yaweza kuwa ruta.

Watu wakisikia hayo huuliza mara moja, "Hufanywaje?" Ni swali jema, nami nitalijibu kwa kifupi. Lakini liko swali la pili lisiloulizwa sana, nalo ndilo zito: Njia ya watu wengi ikipita katika mkono wa mtu mmoja, mtu huyo ana haki gani juu yao, tena ana wajibu gani kwao?

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Wengi wetu twaijua desturi ya sanduku la posta. Shule au usharika huwa na sanduku moja mjini, na watu wengi wa vijijini hutumia namba yake. Barua zote huja kwa S.L.P. ile ile, mwenye ufunguo huzitoa, husoma majina juu ya bahasha, kisha humpa kila mtu iliyo yake. Watu wa mbali hawaijui nyumba ya mtu, walijua sanduku tu.

Ruta hufanya vivyo hivyo. Kompyuta iliyo langoni hupewa na kampuni ya simu anwani moja ya kutumia nje. Ndani, kila chombo hupewa anwani ya nyumbani, ambayo mara nyingi huanza na 192.168. Anwani za namna hii zilitengwa katika miaka ya 1990 kwa matumizi ya ndani tu, hata nyumba maelfu kwa maelfu zaweza kuzitumia bila kugongana. Simu ya mmoja wa nyumbani iombapo ukurasa, lango huandika anwani yake lenyewe juu ya ombi, huku likitia daftarini mwake ni nani aliyeomba. Jibu lirudipo, lango hutazama daftari na kumpelekea mwenyewe.

Wala kazi hii si ngeni. Toleo la pili la Windows 98, lililotoka mwaka 1999, lilikuwa tayari na uwezo wa kugawa intaneti kwa kompyuta nyingine. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, huifanya bila malipo, hata katika mashine yenye nguvu ndogo. Mahitaji ni milango miwili: wa kuingilia, kama vile modemu yenye laini ya simu, na wa kutokea, yaani kadi ya waifai au tundu la waya.

Labda mtu atasema, "Hayo ni mambo ya mjini, sisi wa Chilangala yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Kijana aombaye mkopo wa elimu ya juu hupeleka maombi yake Bodi ya Mikopo kwa njia ya mtandao, na siku ya mwisho haimngojei mtu. Matokeo ya mitihani ya taifa hutangazwa mtandaoni. Korosho zetu, ambazo mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia katika biashara yake mwaka 2007, zilianza katika msimu wa 2024/2025 kupigwa mnada kwa mtandao wa Soko la Bidhaa. Mwenye ugonjwa asioweza kuutaja mbele za watu huuliza humo, na mwenye deni huuliza humo. Basi tuseme mwalimu mmoja wa kijiji ana kompyuta kuukuu, anunua bando la mwezi, na nyumba nne za jirani zachanga pamoja naye. Kwa siku moja tu amekuwa bawabu wa nyumba tano. Amepata mamlaka ambayo hakuyaomba, nayo ni matatu.

Mamlaka ya kwanza ni kuona. Ni kweli ya kuwa siku hizi tovuti nyingi hufunga ujumbe wake kwa maandishi ya fumbo, kama barua iliyotiwa lakiri, na bawabu hawezi kusoma yaliyomo. Lakini bahasha imebaki. Bawabu akitaka, aweza kuliagiza lango liandike jina la kila tovuti iliyoombwa, na saa yake, na chombo kilichoiomba. Na bahasha husema mengi. Mtu akiziomba kurasa za ugonjwa fulani usiku mara tatu, hapana haja ya kuifungua barua. Mtumishi akitafuta kazi nyingine, na bwana wake ndiye mwenye lango, siri yake imekwisha kutoka.

Hapo bawabu hujitetea akisema, "Mashine ni yangu, umeme ni wangu, bando limenunuliwa kwa jina langu, basi nina haki ya kujua ni nini kipitacho." Maneno haya yana sura ya haki, lakini yamechanganya mali na siri. Alipaye ada ya sanduku la posta amelinunua sanduku, hakuzinunua barua. Mwenye mtumbwi avushaye watu mto Ruvuma hupewa nauli yake, wala hapati kwa nauli hiyo ruhusa ya kuifungua mizigo ya abiria. Tena waliopita langoni hawakuja kwa kuwa walitaka kujulikana. Walikuja kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Kadiri haja ya mtu ilivyo kubwa, ndivyo asivyoweza kukataa, na ndivyo impasavyo bawabu kujizuia zaidi.

Je, mzazi naye afumbe macho? La, mzazi ana wajibu juu ya mtoto wake, nao hauondolewi na mashine. Lakini na afanye kazi yake kwa uwazi. Na amwambie mtoto, "Katika nyumba hii kurasa za namna hii zimefungwa, na mambo kadha wa kadha nitayatazama." Mtoto akijua, hayo ni malezi, asipojua, ni upelelezi, naye akigundua atajifunza kujificha kuliko kujilinda. Wala uangalizi huo hauvuki ukuta kumfikia mtoto wa jirani pasipo wazazi wake kujua.

Serikali nayo ina neno lake. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye maduka ya intaneti waweke kamera za ulinzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka taarifa za watu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi na la halali. Katika hayo mawili twajifunza ya kuwa mwenye lango aweza kuulizwa habari za lango lake. Tena hata mwenye ruhusa ya kukusanya hakupewa ruhusa ya kukusanya ovyo. Basi daftari lililohitajiwa kwa kutengeneza hitilafu na litumike kwa hitilafu, kisha lifutwe.

Mamlaka ya pili ni kupima. Watu wa uwanda wa Makonde hawahitaji kufundishwa maana ya neno hili. Mchanga wa juu huyanywa maji ya mvua, na chemchemi ziko chini mabondeni. Mama zetu walitelemka na kupanda na mitungi kichwani, mpaka katika miaka ya 1950 maji yalipoanza kusukumwa kwa mashine hadi juu. Hata baada ya hapo, mwenye kushika ufunguo wa bomba alikuwa mtu mkubwa kijijini. Twajua tofauti ya mshika ufunguo afungaye kwa sababu tangi limepungua, na yule afungaye kwa sababu amegombana na mke wa fulani.

Bando ni kama tangi. Kijana mmoja akitazama filamu usiku kucha, asubuhi mwombaji wa mkopo atakuta pakavu. Basi si vibaya bawabu kuweka kipimo. Ni vibaya kipimo hicho kisijulikane, au kuwabana wengine na kumwacha yeye mwenyewe. Na kiandikwe karatasini, kibandikwe ukutani: nyumba fulani ina kiasi gani, na saa gani zimewekwa kwa ajili ya shule na maombi ya kazi. Hesabu ya fedha nayo na ionekane. Kompyuta kuukuu ya mezani yaweza kula umeme mara kadhaa kuliko ruta ndogo ya dukani. Neno hili lisemwe kabla ya kuchanga, lisije likageuka manung'uniko baadaye.

Mamlaka ya tatu haionekani kuwa mamlaka, nayo ndiyo ya hatari kuliko zote: ni kuwaamulia wenzio usalama wao. Lango likiwa bovu, halimwumizi mwenyewe tu. Waundaji wa programu hutoa viraka kwa kila tundu lionekanalo, lakini hawatoi milele. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Na Windows 10 ilifikia mwisho wa matengenezo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta iliyoachwa hivyo hufanya kazi kama jana, ndiyo maana watu hudanganyika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ukuta ni wa nyumba tano.

Mifano ipo. Kati ya mwaka 2007 na 2011 programu mbovu iitwayo DNSChanger iliingia katika kompyuta zipatazo milioni 4 katika nchi zaidi ya 100, ikageuza mahali zinapouliza anwani, hata mtu akitaka tovuti moja apelekwe nyingine. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai iliziteka kamera na ruta nyingi kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadili. Na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vyombo vilivyotekwa vilitumiwa kuisonga kampuni ya Dyn ya Marekani, tovuti kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye vyombo hivyo hawakukusudia ubaya wo wote. Waliacha tu mlango bila kufuli, na watu wa mbali wakapata hasara.

Kuna na jaribu jingine, dogo kwa sura. Kadi ya waifai ya kompyuta ya zamani sana pengine haijui kufuli jipya; yajua lile la kwanza tu, liitwalo WEP, la mwaka 1997, ambalo udhaifu wake ulitangazwa tangu mwaka 2001. Mwenye nyumba, ili mashine hiyo isiachwe nje, hulishusha kufuli la nyumba nzima. Aona ametenda huruma, lakini amewatoza wote gharama ya mmoja pasipo kuwauliza. Njia bora ni kuiunganisha mashine ile kwa waya, na kufuli la waifai libaki lile imara, WPA2 la mwaka 2004 au lililo jipya zaidi.

Najua wako watakaosema, "Sisi ni maskini, lango kuukuu ni heri kuliko kukosa lango." Neno hili lina uzito, wala sitalidharau. Kijana aliyekosa mkopo kwa kukosa njia ameumia kweli, na hatari ya mbali haifuti hasara ya karibu. Lakini umaskini hutoa udhuru kwa uzee wa mashine, hautoi udhuru kwa uvivu wa bawabu. Kubadili neno la siri la kiwandani hakugharimu kitu. Linux yenye viraka vipya hupatikana bure, nayo yaweza kutiwa katika mashine iliyoachwa na Windows. Na pale pasipowezekana lo lote, ukweli bado wawezekana: na awaambie wenziwe, "Lango hili ni bovu, tazameni bei za korosho, lakini fedha zenu msizipitishe hapa." Aliyeonywa amechagua mwenyewe. Asiyeonywa amechaguliwa.

Basi, bawabu ana haki gani? Ana haki ya kupima kilicho haba, kudai mchango wa haki, na kulifunga lango lililoharibika. Hana haki ya kujua habari za wapitao, ila zile alizowaambia mapema ya kuwa atazijua na kwa sababu gani. Na wajibu wake ni kuwa lango lao lisiwe bovu pasipo wao kujua. Kwa kujipima, na atende kila jambo langoni kana kwamba wenye barua wamesimama nyuma yake wakiitazama mikono yake. Likimwia gumu kulitenda mbele yao, ajue hakupewa.

Wazee na walimu mnaoshauriana juu ya kuweka mtandao wa pamoja katika vijiji vyetu, nawasihi muyanene mambo haya matatu siku ya kwanza, kabla hamjanunua waya: nani ataona nini, kipimo ni kipi, na nani ataziba viraka. Yaandikeni, kila nyumba itie sahihi yake, na bawabu atie ya kwake.