Mizogo ya Mifugo na Taka za Dawa Zake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Enyi ndugu wafugaji wa Lushoto na milima yote ya Usambara, jueni ya kwamba tohara ni jambo moja, na kusalimika na madhara ni jambo jingine. Sindano ya ng'ombe huoshwa ikatahirika. Lakini ikitupwa katika samadi, humchoma mwanamke aichukuaye kwenda matuta ya kabichi. Dawa ya kupe si najisi. Lakini ikimwagwa kijitoni huua samaki. Na kudhuru ni haramu, kwa kilicho tohara na kwa kilicho najisi.

Mas-ala. Ng'ombe amekufa ghafula, damu yamtoka puani wala haigandi. Je, yafaa kumchuna, kwa kuwa ngozi ya mfu hutahirika kwa kudabighiwa?

Jawabu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii hutahirika kweli. Lakini dalili hizo ni za kimeta, na ayaondoaye najisi hakuondoa maradhi. Asichunwe wala asipasuliwe. Kwani damu ikikutana na hewa, vijidudu hujivika ganda gumu, vikakaa udongoni miaka mingi. Kisiwa cha Gruinard, huko Scotland, Waingereza walikijaribia kimeta mwaka 1942. Hakikufunguliwa ila mwaka 1990, baada ya kusafishwa kwa dawa. Na hapa Tanzania, mwaka 2016, kimeta kilizuka Selela, Monduli, kikaua wanyama, kikawapata na watu. Wala msimuwahi kwa kisu mnyama huyo angali hai: kisu humtoa katika hukumu ya mfu, hakimtoi kimeta, na kinachodhuru mwili ni haramu kuliwa.

Twajua ya kuwa ng'ombe mmoja ndiye akiba ya nyumba. Lakini hasara ya nyumba moja isigeuzwe msiba wa kijiji.

Basi shikeni haya. Kwanza, mzoga usiguswe. Aitwe bwana mifugo, uchomwe au uzikwe shimo la futi 6 au zaidi, mbali na maji. Pili, mimba iliyotupwa na kondo lake visishikwe kwa mikono mitupu, wala wasipewe mbwa, vizikwe. Tatu, sindano na nyembe zitiwe katika chombo kigumu chenye kifuniko, arudishiwe bwana mifugo. Nne, chupa ya dawa isitiwe maziwa wala mafuta ya taa. Itobolewe isitumike tena.

Mtume wetu ametukataza kujisaidia penye maji ya watu. Ikiwa hilo limekatazwa, sumu ni zaidi. Mto Umba huzaliwa Shagayu, milimani kwetu, ukaenda mpaka Bahari ya Hindi. Akitupacho wa juu, wa bondeni hukinywa na kukitawadhia. Naye ni jirani yako, japo hujamwona uso.

Mwenyezi Mungu atulinde, na mifugo yetu aitie baraka. Amin. Wallahu aalam.