Nguo ya Baba Noe
Mafundisho juu ya amri ya nane, kwa wakatekumeni

Maandiko Matakatifu, katika kitabu cha Mwanzo, yasimulia jambo lililompata baba Noe baada ya gharika. Mzee huyo alipanda mizabibu, akanywa divai yake, akalewa, akalala uchi ndani ya hema lake. Kam mwanawe akaingia, akaona, akatoka nje kuwapasha habari ndugu zake. Sem na Yafet hawakwenda kutazama. Walitwaa nguo, wakaiweka mabegani mwao, wakaenda kinyumenyume, nyuso zao zikielekea mlangoni, wakamfunika baba yao pasipo kumwona. Noe alipoamka na kuyajua yaliyotendeka, baraka iliwashukia wale wawili, na laana ikaingia katika nyumba ya Kam.

Mkatekumeni asomaye habari hiyo huenda akastaajabu. Kam hakusema uongo. Baba yao alikuwa amelewa kweli, naye alikuwa uchi kweli. Kosa lilikuwa wapi basi? Lilikuwa katika kuitoa nje ya hema aibu iliyokuwa ndani ya hema. Hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya juu ya amri ya nane. Wadhani ya kuwa amri hiyo yakataza uongo tu, na ya kuwa mwenye kusema kweli hana dhambi kamwe. Kanisa lafundisha vingine. Kumsingizia mtu ni kumtwika ubaya asioutenda. Kumsengenya ni kuufunua ubaya wake wa kweli mbele ya watu wasioujua, pasipo sababu ya haki. Yote mawili huharibu jina jema la mtu, na jina jema ni mali yake kama vile shamba lake lilivyo mali yake. Wala si ubaya peke yake. Ugonjwa wa mtu, deni lake, machozi yake, ugomvi wa nyumba yake, hayo si dhambi. Lakini nayo yana mlango, na ufunguo wa mlango huo ni wake mwenyewe.

Kam alikuwa na wasikilizaji wawili. Kijana wa leo katika komini ya Beu, mjini Beni, ana simu mfukoni, na ndani ya simu ana kundi la kwaya, kundi la shule, kundi la wachezaji wa mpira, kundi la jamaa waliohamia Goma na Kampala. Kundi moja la WhatsApp laweza kuwa na watu hata 1,024. Mwaka 2019 wenye mtambo huo waliweka mpaka, ili ujumbe uliopokewa usipelekwe zaidi ya mahali patano kwa mara moja. Walifanya vema. Lakini mwenye kujua hesabu na ahesabu: watu watano wakipelekea watano kila mmoja, ni 25, hao wakipelekea watano watano, ni 125, na katika hatua ya tano ni 3,125. Kazi hiyo yote yaweza kwisha kabla ugali haujaiva.

Wengine hujitetea wakisema kwamba WhatsApp ina siri. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 maneno yapitayo humo yamefungwa kama barua ndani ya bahasha, hata wenye mtambo wasiweze kuyasoma njiani. Lakini bahasha huilinda barua njiani tu. Ikiisha kufika, mwenye kuipokea huifungua, naye aweza kuibandika ukutani sokoni akitaka. Mwenye kupeleka picha aweza kuifuta katika simu yake, na kwa muda mfupi aweza hata kuifuta katika simu za wengine. Lakini yule aliyekwisha kuihifadhi au kuipeleka mbele anayo bado. Na Facebook haina hata bahasha. Mwenye kuandika humo mbele ya watu wote amesimama juu ya meza sokoni siku ya soko.

Watu wa Beni na Butembo hawahitaji kufundishwa kwa mifano ya nchi za mbali. Tarehe 1 Agosti 2018 Serikali ya Kongo ilitangaza ya kuwa ugonjwa wa Ebola umetokea Kivu ya Kaskazini. Ulionekana kwanza Mangina, ukafika Beni, ukafika Butembo na Katwa, ukaingia Ituri. Ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walihesabiwa kuwa waliupata, na kati yao 2,287 walikufa. Waliopona walikuwa zaidi ya 1,100. Katika miezi hiyo maneno yalikimbia kupita magari ya wagonjwa. Nani amechukuliwa, nyumba ya nani imenyunyiziwa dawa, mtoto wa nani amewekwa katika orodha ya kuangaliwa siku 21: habari za namna hiyo zilipita kinywa kwa kinywa na simu kwa simu, zikichanganyika na uvumi. Wako waliopona ugonjwa wasipone maneno. Walirudi kwao wakakuta majirani wakiwakimbia, na wengine wakapoteza kazi au wanunuzi. Wako pia walioficha homa yao kwa kuogopa kutajwa, wakafia nyumbani, wakawaambukiza wale waliowapenda. Maana mtu akiona ya kuwa siri yake haina mlinzi, huikimbia hata dawa.

Hapa lazima kutofautisha vema, kwa kuwa shetani hupenda kuvaa hata nguo ya wema. Kufunika si kuficha. Mwenye kujua ya kuwa jirani yake ana homa na kutapika damu, akanyamaza, hakumfunika kama Sem, amemwacha afe. Alipaswa kumwambia mwuguzi. Wale wauguzi walioandika majina ya watu waliomgusa mgonjwa hawakusengenya. Walitaka majina hayo ili kuokoa roho za watu. Vivyo hivyo mtoto akitendewa mabaya na mkubwa, hakuna siri ya kutunza hapo. Mwenye kujua na aseme kwa wazazi, kwa hakimu, kwa Padri, kwa yeyote awezaye kumlinda mtoto, wala mtu asimfunge kinywa kwa jina la heshima ya jamaa. Swali ni moja: huyu nimwambiaye, aweza kusaidia nini? Mwuguzi aweza kutibu. Hakimu aweza kuhukumu. Watu 1,024 wa kundi waweza kutazama tu.

Bwana Yesu mwenyewe aliweka ngazi hiyo, katika Injili ya Mateo, sura ya 18. Ndugu akikosa, kwanza aendewe peke yake, wawili tu wakiwa faraghani. Asiposikia, aongezwe mtu mmoja au wawili. Asiposikia tena, ndipo Kanisa liambiwe. Desturi ya simu huanza ngazi ya juu na kushuka: dunia yote hujua kwanza, na mkosaji mwenyewe hujua mwisho. Na Mtakatifu Yosefu, kabla malaika hajamfahamisha fumbo la Bikira Maria, alifikiri ametendewa jambo zito. Maandiko yamwita mwenye haki kwa sababu hakutaka kumwaibisha, akakusudia kumwacha kwa siri. Laiti Yosefu angekuwa mtu wa kutangaza!

Wakatekumeni wafundishwao Sakramenti ya Kitubio wajua jinsi Kanisa linavyolinda siri ya mwenye kutubu. Padri hawezi kusema neno lolote alilosikia humo, si kwa Askofu, si kwa hakimu, hata akitishwa kuuawa. Naye akiivunja siri hiyo waziwazi hutengwa na Kanisa. Katika mji wa Praha, mwaka 1393, padri Yohane wa Nepomuk alitupwa mtoni kwa amri ya mfalme, akafa. Mapokeo yasimulia ya kuwa alikataa kumfunulia mfalme maungamo ya malkia. Mwaka 1729 Kanisa lilimtangaza kuwa Mtakatifu. Na serikali nayo, kwa njia yake, yatambua haki hiyo: Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha na siri ya barua na mazungumzo yake, na sheria ya mwaka 2023 juu ya mambo ya mitambo hiyo imeweka kanuni za kulinda habari za watu.

Lakini ni nani amlindaye mtu ambaye ajifunua mwenyewe? Baba Noe, pamoja na ulevi wake, angalau alikuwa ndani ya hema lake. Wako leo waliong'oa hema. Mtu apiga picha kadi yake ya mchaguzi, yenye jina, tarehe ya kuzaliwa na mahali anapokaa, aipeleka kwa mtu aliyemwahidi kazi, asiyemjua hata kwa sura. Mwingine apokea simu, sauti ya upole yamwambia kwamba ameshinda zawadi, ila asome namba sita zilizofika sasa hivi katika simu yake. Azisoma, na dakika ile akaunti yake imekwisha kuwa ya mwizi, naye mwizi awaomba jamaa zake wote fedha kwa jina lake. Namba hizo ni ufunguo wa nyumba. Hakuna kampuni ya kweli, wala benki, wala parokia, imwombayo mtu amsomee namba yake ya siri. Mama apenda kumwonyesha mtoto wake akiogeshwa katika beseni. Mtoto hajaweza kukataa. Akiwa na miaka 15 atachekwa na wenzake kwa picha aliyoiweka mama yake.

Na katika nchi hii kuna jambo zito kuliko fedha na kicheko. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wameuawa katika vijiji na mitaa ya pande za Beni. Kwa hiyo mtu aandikaye mbele ya wote kwamba kesho jamaa nzima watapita njia fulani kwenda shambani, au kwamba wakimbizi wamelala katika shule fulani, hajui ni macho ya nani yanayosoma. Na aliyepiga picha ya maiti zilizokatwa panga na kuzipeleka, na afikiri ya kuwa mama wa marehemu ana simu naye. Wako waliopata habari ya kifo cha mtoto wao kwa njia hiyo, pasipo mtu wa kuwashika mkono.

Na iwe mfano wa mwisho. Kijana mmoja wa Beu, mkatekumeni karibu na kubatizwa, siku za Ebola alimwona mama jirani akiingizwa katika gari na watu waliovaa nguo nyeupe. Akapiga picha kutoka dirishani, akaipeleka kwa kundi la kwaya na kundi la shule. Mama yule alikuwa na ugonjwa kweli. Akatibiwa, Mungu akamjalia kupona, akapewa cheti. Akarudi sokoni kuuza sombe. Watu wakapita mbele ya meza yake wakitazama upande mwingine, na mwanawe shuleni akaitwa kwa jina la ugonjwa.

Kijana akamwendea katekista, moyo ukimsumbua. "Mwalimu," akasema, "mimi sikusema uongo. Na tena Ubatizo utafuta dhambi zangu zote. Nisumbuke kwa nini?"

"Mwanangu," akajibu katekista, "Ubatizo hufuta dhambi zote, ndiyo. Lakini mtu aliyeiba mbuzi, akiisha kubatizwa, mbuzi bado yuko zizini mwake, na mwenyewe bado anamtafuta. Ulichukua nini kwa mama yule?"

Kijana akakaa kimya. Kisha akafanya lile lililowezekana. Akaandika katika makundi yote mawili ya kuwa ni yeye aliyepeleka picha, ya kuwa alikosa, na kuwaomba waifute na kumwambia kila mtu waliyempa. Wengine walimcheka. Baadaye akaenda sokoni.

"Mama, ni mimi niliyepeleka picha ile."

Mama hakujibu upesi. Aliendelea kufunga mafungu yake ya sombe. Kisha akasema: "Mtoto wangu, picha hiyo ilifika Kampala kwa dada yangu kabla mimi sijafika hospitali. Alilia akidhani nimekufa."

Kijana hakuwa na neno. Picha iliyokwisha kufika Kampala hangeweza kuirudisha. Lakini kesho yake asubuhi, saa ya watu wengi, alirudi mezani pale. Akamsalimu mama kwa mkono, mbele ya wote, kwa mkono ulio wazi, akanunua mafungu mawili. Akafanya hivyo siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne alipokuwa akihesabu franki zake, wanawake wawili walikuwa wamesimama nyuma yake, wakingoja zamu yao.