Ukishaambiwa, deni ni la nani?

Kuanzia mwishoni mwa 2012, mjamzito nchini Tanzania aliweza kutuma neno "mtoto" kwenda namba 15001, bila kukatwa hata senti, na simu ikaanza kumfuata wiki kwa wiki. Kampeni iliitwa Wazazi Nipendeni. Ilimkumbusha mahudhurio ya kliniki, dalili za hatari, maandalizi ya kujifungua. Bango la ukutani huwaambia wote. Ujumbe huu ulimwendea mwenye mimba ya wiki kadhaa, yeye mwenyewe, kiganjani mwake.

Hapo ndipo swali la zamani la wanafalsafa linapoingia wodini. Asiyejua husamehewa. Aliyeambiwa je? Mama akifikishwa hospitali kachelewa, kifafa cha mimba kimeshampiga, na ujumbe umo simuni, mkunga aliyechoka au wifi mwenye hasira hakawii kusema: "Si uliambiwa?"

Zanzibar wana ushahidi unaoitia doa lawama hiyo. Utafiti wa Wired Mothers, uliochapishwa 2012, ulihusisha wajawazito 2,550 katika vituo 24 vya afya. Upande mmoja walipata ujumbe wa simu pamoja na vocha ya kumpigia mhudumu. Upande wa pili waliendelea na huduma ya kawaida. Waliojifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 60 upande wa simu, na 47 upande wa pili. Faida hiyo si haba. Lakini ukitenga mjini na shamba, walioongezeka hasa ni wa mjini. Kwa wa shamba simu haikuleta tofauti ya kutajika.

Je, wa shamba ni wakaidi? Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waligawa ucheleweshaji unaoua wazazi katika mafungu matatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Ujumbe wa simu hugusa ule wa kwanza tu. Saa nane za usiku, mume yuko dago la wavuvi, gari la jirani halina mafuta: mama keshaamua zamani, na bado yuko kitandani kwake.

Wanachuoni wa Kiislamu walilipima jambo hili karne nyingi kabla ya simu. Wafuasi wa Mu'tazila na wa Ashari walibishana vikali kama Mungu anaweza kumkalifisha mja asiloliweza. Kwenye hukumu za kila siku fiqhi ikashika kwamba wajibu hufuatana na uwezo, na mjamzito ni mfano wake ulio wazi. Ramadhani ana ruhusa ya kula akihofia madhara. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, akihofia nafsi yake hulipa siku alizokula. Akihofia mtoto peke yake, hulipa siku hizo na kutoa fidia juu yake. Hukumu nzima inaning'inia kwenye kujua nani yuko hatarini. Ujumbe unaohesabu wiki hauna jibu hapo. Mkunga aliyempima shinikizo la damu asubuhi ile analo, au angalau anakaribia.

Kwa hiyo habari inayodai kuwa ya mtu binafsi inamfunga mtumaji vilevile, na huenda zaidi. Kwanza ni amana: mwaka 2021 kampuni ya Flo, yenye programu ya kufuatilia hedhi na mimba, ilifikia makubaliano na tume ya biashara ya Marekani baada ya kutuhumiwa kuwapa Facebook na Google habari za watumiaji wake. Lakini siri ni nusu tu ya deni. Nusu ya pili ni kuitika.

Kenya, huduma ya PROMPTS ya Jacaranda Health inampa mama nafasi ya kuuliza. Akiandika kwamba mtoto hachezi tumboni tangu jana, kompyuta huyapanga maswali kwa uzito wake na dawati la wahudumu hushughulikia ya hatari, wakimwelekeza kituoni. Kuanzia dakika hiyo, "si uliambiwa?" inaweza kuulizwa upande wa pili pia: nani aliusoma ujumbe, saa ngapi, na je, huko kituoni alikoelekezwa kulikuwa na mtu wa kumpokea?