Je, Mhubiri Aweza Kunyamaza?

Dhambi za ulimi uliosema twazijua upesi: uongo, matusi, masengenyo. Lakini ulimi ulionyamaza, je, wenyewe hauna hatia? Tulitazame swali hilo kwa habari ya mtu mmoja asiyekuwa wa Eklezya yetu.

Charles Haddon Spurgeon alizaliwa Uingereza mwaka 1834, akawa mhubiri wa Wabatisti. Mwaka 1854, akiwa na umri wa miaka 19, aliitwa kuongoza kanisa moja mjini London. Watu walimiminika kumsikiliza hata nyumba ikawa ndogo. Mwaka 1861 likafunguliwa jengo kubwa, Metropolitan Tabernacle, lenye kutosha watu wapata 5,000. Mahubiri yake yalichapwa kila juma, yakauzwa kwa bei ndogo, yakavuka bahari mpaka Marekani.

Hatufichi kwamba tulitengana naye katika mambo makubwa. Mwaka 1864 alipinga kwa ukali fundisho la kuzaliwa upya kwa ubatizo, ambalo sisi twalishika kwa imani. Lakini wema hauachi kuwa wema kwa sababu umetendwa na mtu wa nyumba nyingine.

Siku zile, katika Marekani ya kusini, watu weusi karibu milioni 4 walikuwa watumwa. Mabwana wao wengi walikuwa Wakristu, na mahubiri ya Spurgeon walikuwa wakiyanunua. Ndipo wengine wakauliza: mbona katika vitabu vyake vinavyochapwa huku hatuoni neno juu ya utumwa? Mwaka 1860 Spurgeon akajibu kwa barua. Alisema waziwazi kwamba mwenye kumiliki watumwa hatakaribishwa pamoja naye kwenye meza ya Bwana. Vitabu vyake vikachomwa moto Montgomery na katika miji mingine ya kusini, na mauzo yakaanguka. Hasara hiyo haikuwa ndogo, maana alikuwa na chuo cha kulea wahubiri, nacho kilihitaji fedha. Miaka ilipopita, Thomas L. Johnson, aliyezaliwa mtumwa huko Virginia, akasoma katika chuo kile kile, na mwaka 1878 akasafiri kwenda Kameruni kuhubiri Injili.

Mtu atatuambia: «Angenyamaza, mabwana wale wangeendelea kusoma, pengine wangeongoka.» Twajibu: wangesoma Injili gani? Injili iliyokatwa pale inapomgusa msomaji ni kama dawa iliyoondolewa uchungu pamoja na nguvu yake. Mgonjwa huifurahia, na ugonjwa hukaa.

Mwingine atasema: «Mwenye hekima hupima maneno.» Ni kweli. Padri hafungui siri ya kitubio hata kwa kutishwa kifo, na aibu ya jirani haitangazwi sokoni. Lakini tupambanue. Kunyamaza ili kumlinda jirani ni upendo. Kunyamaza ili kujilinda sisi, jirani akizidi kuonewa, ni kushiriki katika uonevu ule.

Wala sisi Wakatoliki tusijisifu. Mwaka 1838 Wayezuiti wa Maryland waliuza watumwa 272, wazee na watoto pamoja. Mwaka uliofuata Papa Gregori XVI akalaani biashara ya watumwa. Na mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alihubiri Paris, London na Brussels juu ya biashara ile ile iliyokuwa ikimaliza vijiji vya pande zetu za Tanganyika. Basi katika nyumba yetu pia walikuwamo waliouza na waliosema.

Leo hatuoni soko la watumwa, lakini twamwona mjane anayenyang'anywa shamba na ndugu za marehemu. Pengine mnyang'anyi ndiye anayetoa sadaka kubwa kuliko wote, ndiye aliyeahidi mabati ya kanisa. Katekista afanye nini? Aende kwanza kwake faraghani, amwonye kwa upole, kama Bwana Yezu alivyotufundisha. Asiposikia, aende na mashahidi. Kisha jambo lifike kwa jumuiya. Mabati yakikosekana, tutasali chini ya nyasi. Mjane naye awe na mahali pa kulima.