Mwenye nyumba ana haki ya kukataa?

Ndugu Waislamu, tumezoea kusema kuwa aliyeumia uti wa mgongo amepewa mtihani na Mwenyezi Mungu, na ni kweli. Tunakwenda kumjulia hali, tunamuombea dua, na Ramadhani tunampelekea futari. Lakini lipo swali tusilojiuliza: mtihani wa mtu huyu unaishia wapi, na dhulma yetu inaanzia wapi?

Hapa Dar es Salaam familia nyingi hupanga chumba kimoja au viwili katika nyumba ya Kiswahili: vyumba huku na huku, ukumbi katikati, choo na bafu uani. Baba akianguka kutoka juu ya mnazi, au akipata ajali ya bodaboda, huenda akarudi kutoka hospitali hana hisia miguuni, na hata mkojo hawezi kuuzuia. Nyumba ni ile ile, lakini kwake imekuwa gereza. Kiti cha magurudumu kinataka mlango wenye nafasi isiyopungua sentimita 80. Ngazi moja ya sentimita 15 inataka mteremko wa karibu mita 2. Choo cha kuchuchumaa hakimfai tena. Akilala ubavu mmoja saa nyingi hupata vidonda vya kulalia, navyo vinaweza kumuua. Hivyo mkewe huamka usiku kumgeuza. Kuogeshwa na kubadilishwa mpira wa mkojo hufanyika chumba kile kile wanacholala mabinti zake. Iko wapi sitara yake?

Ipo familia ninayoijua, ambayo mtoto wao nimemsomesha. Waliomba ruhusa ya kujenga mteremko wa saruji mlangoni kwa fedha zao wenyewe. Mwenye nyumba, Muislamu mwenzetu, akakataa. Alisema nyumba ni yake, na wapangaji wengine wangelalamika. Kodi ya miezi sita ilipokwisha, wakahama.

Tumtendee haki na yeye. Mali ni yake, na Uislamu unalinda mali ya mtu. Hofu kuwa ukumbi utabanwa si ya kupuuzwa. Lakini je, kumiliki ukuta kunampa mtu haki ya kumzuilia mwenzake jambo ambalo yeye halimdhuru?

Katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amemkataza mtu kumzuia jirani yake kuegemeza boriti katika ukuta wake. Imam Ahmad aliona kuwa kuruhusu ni wajibu. Wanazuoni wengi wengine wakaona ni wema unaohimizwa. Haya, tuchukue hiyo kauli nyepesi. Ikiwa jirani mzima wa afya anahimiziwa hivyo kwa ajili ya boriti tu, vipi kwa mtu ambaye bila mteremko ule haendi Ijumaa, haendi hospitali wala haendi kazini mpaka wapatikane vijana wanne wa kumbeba? Kwa maoni yangu, kukataa hapa ni kumdhuru mtu pasipo faida yoyote.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Hilo ni jema. Lakini serikali haiwezi kusimama katika kila kizingiti cha Tandika na Manzese. Anayeweza kusimama hapo ni mcha Mungu.

Na ufumbuzi si mgumu. Mwenye nyumba na mpangaji waandikiane kuwa mteremko utabomolewa siku ya kuhama. Kamati ya msikiti itoe saruji na fundi, kama inavyotoa sanda. Wanaojenga nyumba za wakfu watenge chumba cha chini chenye mlango mpana na choo cha kukaa. Na kabla ya kuwanyooshea kidole wenye nyumba, tuitazame misikiti yetu: ni mingapi ambayo mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuingia bila kubebwa?

Futari tuendelee kupeleka. Lakini tusipeleke sahani mlangoni, kisha tukamfungia mtu ndani.

Wallahu aalam.